Mfugaji amesamehewa kodi, kwa nini alipie ukaguzi wa nyama? (Tanga)

Mfugaji wa Pongwe

Shikamooni wakubwa, na rika langu salaam.

Mimi ni mfugaji mdogo huku Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Ninafuga ng'ombe wa maziwa. Ya asubuhi napeleka kituo cha kukusanyia maziwa cha ushirika wetu, ya jioni nauzia majirani. Ndama dume nawakuza, wakishapata mwili nawauza kwa madalali wanaopita na pikipiki. Dalali akifika anamzunguka ng'ombe, anamgusa kiuno, anataja bei ambayo hata pumba na mashudu niliyomlisha hairudishi. Kesho yake nyama buchani iko bei ileile ya kila siku.

Mwaka huu nina dume mzuri sana, sitaki kumpa dalali. Nia yangu ni kumchinja hapa nyumbani, nyama niuze kwa kilo kijijini, paja moja nimpelekee shemeji yangu mwenye mgahawa Ngamiani. Mchinjaji ninaye, ni ustadhi wa msikiti wetu. Nilipomgusia ofisa mifugo wa kata akakataa katakata. Anasema nimpeleke machinjio, nilipe ada ya machinjio na ya ukaguzi, nyama ipigwe muhuri ndipo niuze. Nikamwambia serikali imesamehe kodi kwenye mifugo, nimesikia mwenyewe kwenye redio wakati wa bajeti. Akanijibu kwamba hiyo si kodi, akawasha pikipiki akaenda zake.

Naomba mnaojua mnieleze taratibu. Mfugaji akisamehewa kodi, halafu akalipa kibali cha kusafirisha, ushuru wa mnada, ada ya machinjio na ada ya ukaguzi, amesamehewa nini hasa? La pili, huyu dume nimemlea tangu anazaliwa, chanjo zake nazijua, hajawahi kulala chini akaugua. Mkaguzi atakayemwangalia kwa dakika chache ataona kitu gani ambacho mimi sijakiona?

Siulizi kwa ubishi. Nataka kufanya biashara hii kila mwaka, nianze vizuri.

Bucha Ngamiani

Ndugu wa Pongwe, mimi nauza nyama mjini, nakujibu kwa upande wangu. Nyama isiyo na muhuri sipokei hata uniuzie nusu bei. Bwana afya akiingia dukani kitu cha kwanza anatafuta wino kwenye paja. Asipouona, nyama inachukuliwa inaangamizwa na mimi naitwa kujieleza. Shemeji yako wa mgahawa naye ni hivyo hivyo, unamtia matatani kwa kutaka kumsaidia.

Lakini kuhusu fedha uko sahihi kulalamika. Sisi tumeambiwa tuache gogo na shoka tununue msumeno wa umeme, tuweke vioo na vigae, tuvae makoti meupe, nyama isafirishwe kwenye boksi maalumu. Sikatai, duka limekuwa safi na wateja wanapenda. Ila kila kitu ni gharama, na hizo zote mwisho zinarudi kwa mfugaji, kwa sababu mteja wa Ngamiani hawezi kupandishiwa bei kila leo. Dalali anakubana wewe kwa sababu sisi tunambana yeye.

Hesabu Bagamoyo

Habari zenu. Niko Bagamoyo, nawaandikia wafanyabiashara wadogo hesabu zao, wakiwemo wanaonunua ng'ombe minadani kupeleka mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Swali la kodi naliona kila wiki, na linachanganya watu kwa sababu redioni wanasema neno moja, "msamaha", bila kutaja ni wa kodi ipi.

Msamaha uliousikia ni wa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Chini ya Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, mifugo hai na nyama ambayo haijasindikwa haitozwi VAT. Kwa hiyo dume lako ukimuuza haongezewi ile asilimia 18, na bucha akiuza kilo ya steki haiongezi. Nyama hiyo hiyo ikigeuzwa soseji kiwandani, inatozwa.

Sasa angalia upande wa pili ambao hausemwi. Anayeuza bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai kurudishiwa VAT aliyolipa yeye kwenye manunuzi. Bucha analipa umeme wa friji ukiwa na VAT ndani, ananunua msumeno ukiwa na VAT ndani, haidai popote. Inabaki gharama yake, na kama alivyosema mwenyewe, inashuka hadi kwako. Kwa hiyo msamaha upo kweli, lakini haumaanishi kwamba hakuna VAT iliyojificha ndani ya nyama. Kwenye chakula cha mifugo kuna nafuu kiasi, mwaka 2018 virutubisho vya kuchanganyia chakula cha mifugo na kuku viliingizwa kwenye msamaha.

Kodi ya mapato ni habari nyingine kabisa. Hakuna sheria inayosema mfugaji halipi kodi ya mapato kwa sababu ni mfugaji. Kinachokuokoa ni ukubwa wa biashara: mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kwenye ule utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Maziwa yako ya mwaka mzima na dume mmoja au wawili, piga hesabu kwa uaminifu, unaweza kuwa umeshapita hapo. Na ukianza kuuzia kampuni au kiwanda, usishangae kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, iliingia mwaka 2022. Ukikatwa, dai hati yake uiweke.

Ada za machinjio, ukaguzi na mnada hazimo kwenye hayo yote. Hizo zinatungiwa sheria ndogo na halmashauri, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Ndiyo maana ada ya Jiji la Tanga si lazima ilingane na ya Bagamoyo au Chalinze. Waziri wa Fedha akisamehe VAT bungeni, sheria ndogo ya halmashauri yako haiguswi.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu wa Pongwe. Na wewe wa Bagamoyo umeeleza vizuri sana, nitarudi kwenye hilo la halmashauri kwa sababu lina uchungu wake.

Mimi nimestaafu ukaguzi wa nyama. Nilianzia Handeni, nikapita Korogwe na Muheza, nikamalizia Tanga mjini. Wanawake katika kazi hiyo tulikuwa wachache, na machinjio huamka usiku wa manane. Naijua harufu ya damu ya alfajiri kuliko ninavyoijua ya uji.

Umeuliza mkaguzi ataona nini usichokiona wewe. Nakujibu kwa heshima, maana ni swali la haki. Wewe unamjua ng'ombe wako kwa nje. Unajua anavyokula, anavyocheua, anavyotembea. Huo ni ujuzi mkubwa, na mkaguzi mwenye akili humuuliza mwenye mali kabla hajafanya lolote. Ndiyo maana ukaguzi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ng'ombe akiwa hai. Anatakiwa afike machinjio mapema, jana yake, apumzike, anywe maji. Mkaguzi anamtazama akitembea na akiwa amesimama, pumzi yake, pua, macho, manyoya, kama anachechemea. Watu wanadhani kupumzisha ni urasimu tu. Ng'ombe aliyeswagwa kutoka mbali au aliyefungwa kwenye gari siku nzima misuli yake inakuwa imemaliza nguvu iliyohifadhi. Ukimchinja hivyo nyama inatoka nyeusi, inanata mkononi, na kwa joto letu hili la Tanga haifiki adhuhuri kabla haijaanza kunuka.

Sehemu ya pili ndiyo ambayo wewe huwezi kuifanya hata umpende ng'ombe wako vipi, kwa sababu iko ndani. Tunaanza na kichwa. Ulimi unashikwa wote na kubonyezwa. Misuli ya taya inachanjwa kwa mkato mrefu ulionyooka, kisha mwingine sambamba nao. Unafungua ukitafuta vifuko vyeupe, vidogo, vyenye maji. Hao ni vijana wa minyoo ya tegu. Moyo nao unapasuliwa, wanapenda kukaa mle, na bega linachanjwa. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, ng'ombe akala majani ya hapo, mayai yanaanguliwa tumboni mwake, na vijana hao wanapenya hadi kwenye misuli yake na kutulia. Ng'ombe haugui. Hakohoi, hakondi, anang'aa tu. Kisha anakuwa mishkaki ya jioni pale kwenye jiko la mkaa, nje imekauka vizuri, ndani bado nyekundu, na mtoto wa mtu anaondoka na tegu tumboni. Mduara umekamilika.

Mapafu unayapapasa yote kwa viganja. Tezi zinazokaa katikati ya mapafu unazikata vipande vyembamba. Ini unalibonyeza na kukata mirija ya nyongo, ikiwa imekuwa minene na migumu utaona minyoo bapa ikitoka. Ng'ombe wanaolishwa mabondeni kwenye maji yaliyotuama, ini lao mara nyingi ni hivyo.

Sasa nikupe tukio moja, lisikuache. Aliletwa ng'ombe wa maziwa, jike mzee aliyepunguza maziwa, kutoka nyumba ya watu wasafi sana. Manyoya yanang'aa, kwato zimekatwa vizuri, amefungwa kamba mpya. Mwenyewe alikuja naye, mtu mzima, akasimama pembeni na baiskeli yake. Ng'ombe alipokuwa hai sikuona kitu zaidi ya kikohozi kidogo. Tulipofungua kifua, tezi za mapafu zilikuwa zimevimba, nikakata ya kwanza, kisu kikakwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Ndani usaha mgumu wa njano. Tezi ya pili hivyo hivyo, na vivimbe vimetapakaa kwenye utando wa kifua. Kifua kikuu cha ng'ombe. Nyama yote ilizuiwa. Yule baba akadhani nimemwonea, akaanza kulalama kuhusu hasara. Nikamvuta kando, nikamuuliza nyumbani maziwa wanayachemsha? Akasema watoto wanapenda ya moto ya kukamuliwa pale pale. Nikamwambia baba, hasara ya nyama iache, leo hii peleka wajukuu hospitali wakapimwe. Alinyamaza, akanishika mkono.

Huyo naye alikuwa anamjua ng'ombe wake, mwanangu.

Watu wanaogopa machinjio wakidhani mkaguzi kazi yake ni kutupa ng'ombe wa watu. Mara nyingi sana hakitupwi kitu, au linatupwa ini peke yake, au pafu moja, mzoga uliobaki unapigwa muhuri unauzwa. Tegu wakiwa wachache na mahali pana chumba cha baridi, nyama inagandishwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 na inakuwa salama. Kuzuia mzoga mzima ni kwa magonjwa yenye sababu. Na kuna ugonjwa ambao mzoga haufunguliwi kabisa: kimeta. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi inatoka puani na njia ya haja na haigandi, usimguse na kisu. Ukimpasua, vijidudu vyake vinaingia ardhini na kukaa miaka na miaka vikisubiri ng'ombe mwingine.

Wakumbukao mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini watanielewa. Mvua zilikuwa nyingi, mbu wengi, na walioumia ni pamoja na waliochinja na kuchuna wanyama wagonjwa kwa mikono mitupu. Watu walikufa. Nyama ikawa haiuziki, bucha zinafungwa, watu wanakula samaki na maharage. Kilichorudisha imani kilikuwa ukaguzi. Mfugaji ndiye wa kwanza kufaidika mteja anapouamini muhuri.

Kuhusu sheria, kuchinja mbuzi wa Idi au wa hitima ukala na jamaa zako ni jambo moja. Ukiweka mizani ukapokea fedha, umekuwa muuzaji, na nyama ya kuuzwa lazima ichinjwe mahali palipoidhinishwa na ikaguliwe. Tuna Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, tuna Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ambayo ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Nyama. Ofisa wako wa kata alikuwa sahihi. Kosa lake ni kuwasha pikipiki kabla hajakueleza.

Bucha Ngamiani

Shikamoo mama. Maneno yako nayakubali yote, ila naomba niseme ukweli ulioko huku. Kuna siku naletewa nyama ina muhuri, wino umekolea, na nikikata taya sioni mkato wowote wa mkaguzi. Taya zima! Ina maana muhuri ulipigwa na kijana wa machinjio, mkaguzi yuko kwake. Fedha ya ukaguzi imelipwa. Sasa huyu ndugu wa Pongwe akilipa ada halafu ng'ombe wake asikaguliwe, si ndiyo kodi tu hiyo kwa jina jingine?

Kijana wa Chumbageni

Naingilia kidogo kutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Chumbageni, sasa niko Iowa, Marekani, nafanya kazi kwenye machinjio madogo ya jimbo. Huku mjadala huu huu upo tangu zamani. Ukaguzi wa lazima wa serikali kuu ulianza na sheria ya mwaka 1906, na mwaka 1967 ikatungwa nyingine inayoruhusu majimbo kuwa na wakaguzi wao, kwa sharti kwamba ukaguzi wa jimbo usiwe hafifu kuliko wa serikali kuu. Serikali kuu inachangia hadi nusu ya gharama.

Jambo ambalo nadhani litawagusa ni hili. Ukaguzi wa saa za kawaida za kazi unalipwa na hazina ya umma. Mwenye machinjio analipia muda wa ziada, kama anataka kuchinja usiku au sikukuu. Mkaguzi akija asubuhi hamwombi mwenye ng'ombe hata senti, wala hana kitabu cha risiti. Anakuja na kisu na muhuri tu.

Na mfugaji akitaka kumchinjisha ng'ombe wake kwa kula nyumbani, anaruhusiwa bila mkaguzi kusimama pale, lakini kila pakiti inaandikwa "si ya kuuza". Hapo mpaka umechorwa vizuri. Misamaha ya kodi ipo pia, chakula cha mifugo hapa jimboni hakitozwi kodi ya mauzo, na hakuna mfugaji niliyemsikia akidai kwamba kwa hiyo nyama yake isikaguliwe.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu wa bucha. Umenigusa panapouma, na sitakuficha.

Unalosema lipo. Mkato wa taya ndio shahidi, umejua pa kuangalia na kila mwenye bucha angejua hivyo ingesaidia. Muhuri bila mkato ni wino tu. Nyama ya namna hiyo ikatae, na uandike barua kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, nakala kwa Bodi ya Nyama. Usiishie kunung'unika dukani.

Lakini tuangalie na chanzo. Mkaguzi mmoja anapangiwa machinjio na kisha anapangiwa na makaro ya kuchinjia ya vijiji viwili vitatu, na yote yanachinja alfajiri hiyo hiyo. Pikipiki haina mafuta. Taa za machinjio zimeungua, anakagua tezi kwa tochi ya simu. Halafu, na hili ndilo lililonichosha kazini kuliko kukesha, anapewa mashine ya kukusanyia mapato na anaambiwa lengo la mwezi ni kiasi fulani. Tangu siku hiyo wafugaji hawamuoni tena kama mtu wa afya. Wanamuona mtoza ushuru mwenye kisu. Wakisikia anakuja wanachinja vichakani. Na bosi wake akimuuliza, haulizi umezuia maini mangapi yenye minyoo, anauliza umekusanya shilingi ngapi. Mkaguzi anayezuia mzoga mzima anapunguza mapato ya siku hiyo, na hakuna anayempongeza.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeusema hata nilipokuwa kazini mbele ya wakubwa: mkaguzi asikusanye ada. Ada ilipwe getini kwa mtu wa mapato, mkaguzi asijue nani kalipa nini. Na sehemu ya fedha hiyo irudi machinjioni kabla haijaenda popote: maji, taa, visu, sabuni, mafuta ya pikipiki. Ningependa zaidi ilivyo huko kwa huyu kijana wetu wa Chumbageni, ukaguzi ulipwe na umma, kwa sababu anayelindwa ni mlaji wa mishkaki ambaye hata hamjui huyo ng'ombe alitoka Pongwe au Kilindi. Anayefaidi ni jiji zima, anayelipa ni mfugaji mmoja. Wafugaji mkisimama kudai hilo mimi niko nyuma yenu. Dai ada iondoke, au ipungue, au itumike ilipokusudiwa. Ukaguzi wenyewe usiuguse.

Ukilipa leo, lipa kwa stakabadhi ya mashine au namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mkononi bila karatasi usitoe. Na simama pale ng'ombe wako anapokaguliwa, ni haki yako. Mwombe mkaguzi akuonyeshe. Anayejua kazi yake atafurahi.

Mfugaji wa Pongwe

Mama shikamoo tena, na wote nawashukuru. Nimesoma na mke wangu, ameniambia machinjio utakwenda. Nimekubali. Kumbe nilikuwa naunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Nimeelewa na la VAT, ingawa la milioni 4 limeninyima usingizi, ndugu wa Bagamoyo nitakutafuta tupige hesabu.

Maswali mawili ya mwisho. Dume nilimchoma sindano ya oksitetrasaiklini juzi, alikuwa na kidonda mguuni. Kuna shida? Halafu nina jike ninayefikiria kumuunganisha humo humo, ametupa mimba mara mbili mfululizo, maziwa yameshuka. Nafikiri bora nimchinje naye nipunguze mdomo. Dume na jike nakwenda nao siku moja au?

Hesabu Bagamoyo

Karibu ndugu. Andaa daftari la maziwa la mwaka huu, hata kama ni la penseli. Mwenye kumbukumbu hutozwa kwa asilimia ya mauzo yake, asiye nazo anapangiwa kiwango cha jumla, na mara nyingi cha jumla kinamuumiza. Kama hujachukua TIN, kachukue, ni bure.

Halafu msisahau kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Juni 2025. Ng'ombe anachanjwa homa ya mapafu kwa shilingi 500, mbuzi na kondoo kwa 300, kuku wa asili bure, na hereni ya utambuzi ya sikioni hulipii. Hiyo ni nafuu ya kushikika kuliko mengi ya redioni, na hereni inamsaidia mkaguzi kujua ng'ombe katoka zizi gani.

Mkaguzi Mstaafu

Mwanangu, tulia hapo hapo. Usiende na yeyote bado.

Dume kwanza. Tafuta chupa ya ile dawa, soma ubavuni, wameandika siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Zile za kukaa muda mrefu mwilini zinaweza kufika wiki nne. Hesabu kuanzia siku ya sindano ya mwisho, si ya kidonda kupona. Kabla ya hapo nyama ina mabaki ya dawa na mkaguzi hawezi kuyaona kwa macho, anategemea neno lako. Ukifika mwambie tarehe. Kidonda nacho mwonyeshe, asikute amekigundua mwenyewe.

Jike sasa. Ng'ombe anayetupa mimba mara mbili mfululizo lazima afikiriwe ana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, mpaka kipimo cha damu kikanushe. Inaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, na inaingia kwa mikono unapomsaidia kuzaa au unapookota kondo la nyuma. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, mtu anatibiwa malaria mara nne haponi. Kwa hiyo usimchinje, usimuuze kwa dalali, usimpeleke mnadani kumhamishia mwenzako balaa. Mtenge na wengine leo. Mwite ofisa mifugo yule yule wa pikipiki, achukue damu yeye au daktari wa mifugo wa halmashauri, na mwombe apime kundi zima, si huyo mmoja. Ikithibitika, kuchinjwa atachinjwa, lakini kwa utaratibu: machinjioni, mkaguzi akijua mapema, wachinjaji wamevaa glovu, na kiwele, kizazi na tezi zake vinaangamizwa.

Maziwa ya nyumbani, na hayo ya jioni unayouzia majirani, yachemshwe kuanzia leo, na majirani uwaambie. Ya kituoni mwarifu mtu wa ushirika, anajua la kufanya. Niandikie hapa majibu ya damu yakitoka. Na yule ustadhi, kama alikusaidia kumzika yule ndama aliyetoka kabla ya wakati, naye akapime.